Kutetea Kijiti Kisichosikia Mbali

Imeenea katika Isingiro, wilayani Kyerwa, na katika vijiji vya jirani tangu Kaisho hata Murongo penye mto Kagera, na kwa upande wa pili hata Nkwenda na Kayanga, kauli moja ambayo kwa kurudiwarudiwa na wauzaji na wanunuzi imepata hadhi ya hukumu isiyokatiwa rufaa: kwamba miongoni mwa pinpointa, yaani vile vijiti vya kushikwa mkononi ambavyo mchimbaji huvitumia kubainisha mahali kilipo chuma au shaba ndani ya shimo, kilicho bora ni kile kinachosikia mbali zaidi. Mtu akitaka kununua huuliza swali moja tu, kinafika sentimita ngapi. Muuzaji naye, ambaye aghalabu hakupata kuchimba hata shimo la mgomba, humjibu kwa tarakimu inayopanda sambamba na bei. Na biashara hufungwa papo hapo, kana kwamba umbali ndio sifa yote na sifa nyingine ni mapambo. Nakusudia kuipinga kauli hiyo katika shina lake. Madai yangu ni kwamba ufupi wa masafa ya kijiti ndio ubora wake, na kwamba aliyelipia umbali amelipia kitu ambacho kazi haikihitaji, maumbile hayakiruhusu, na udongo wetu haukipokei.

Insafu yadai hoja ya mpinzani ielezwe kwa ukamilifu kabla ya kujibiwa. Wasemao hivyo si wajinga. Wanasema kwamba kila koleo la udongo lisilochimbwa ni jasho lililookolewa. Kwamba chombo kisikiacho mapema humwonya mchimbaji kabla sururu haijakigonga kitu na kukiharibu au kumdhuru yeye mwenyewe. Kwamba mvua za vuli na za masika, zikishuka kwenye vilima vyetu vyenye mmomonyoko, hufukia vitu chini zaidi mwaka baada ya mwaka. Tena kwamba viwanda vyenyewe, Garrett wa Marekani, Minelab wa Australia, XP wa Ufaransa na Nokta wa Uturuki, hushindana kuusifu usikivu wa vyombo vyao, navyo vina mafundi ambao elimu yao haiwezi kudharauliwa na mwandishi wa kijijini. Katika hayo lipo moja nisilolikana: kijiti kisichosikia mpaka kikiguse kitu hakina faida kuliko ufito. Lakini kutoka katika ukweli huo mdogo hadi katika kauli kwamba umbali ukizidi ubora huzidi, pana bonde ambalo hakuna mmoja wao aliyelivuka kwa hoja.

Tuanze na kazi yenyewe, maana chombo hupimwa kwa wadhifa wake. Kutafuta si kazi ya kijiti. Kutafuta ni kazi ya ditekta kubwa yenye sahani, ambayo kwa kawaida ina upana wa inchi 11 hivi, yaani sentimita 28, nayo ikilia humjulisha mwenyewe kwamba chini ya upana huo kuna kitu. Hapo hukatwa bonge la udongo, na ditekta huwa imemaliza. Ila kitu kilichoifanya ilie, ikiwa ni sarafu iliyogandamana na tope miaka themanini, kina rangi ya tope na umbo la tope, na jicho lililo kali namna gani haliwezi kukitenga na mawe yaliyokizunguka. Ndipo kijiti kinapoitwa.

Mtazame basi mchimbaji anayeijua kazi hiyo. Hukiwasha kijiti hewani, mbali na koleo na mbali na bizimu ya mkanda wake, kisha hukishusha shimoni na kuipitisha ncha ukutani polepole. Kinapoanza kutetema hukisogeza mpaka mtetemo uwe wa mfululizo. Hapo hukibonyeza kitufe mara moja kwa haraka, na kijiti, kwa kuihesabu hali ile kuwa ndiyo ukimya wake mpya, hupungua usikivu hata kisilie tena ila ncha imekikaribia mno kitu chenyewe. Husogeza, hubonyeza, husogeza, mpaka pamebaki mahali padogo kama ukucha, na mahali hapo hapachokoi kwa sururu, hupachokoa kwa kidole. Ukizingatia utaona kwamba kila alipokibonyeza kitufe alikuwa akikinyang'anya kijiti chake umbali. Alilipa fedha nyingi kwa ajili ya umbali, na tangu dakika ya kwanza ya kazi amekuwa akiutupa.

Mafundi wa viwanda wanalijua jambo hili kuliko wauzaji wao. Garrett Pro-Pointer AT kimewekewa ngazi tatu za usikivu, na Minelab Pro-Find 35 ngazi tano. Na mwenye akili atajiuliza ngazi za chini ziliwekwa kwa nini, kama kusikia mbali kungekuwa ni heri daima. Shimo la kawaida la mtafutaji halizidi upana wa shibiri. Kijiti kisikiacho shibiri moja kwa pande zote, kikitumbukizwa humo, kitalia mashariki yake na magharibi yake, chini na kandoni, na baada ya kelele hizo zote kitakuwa kimemwambia mchimbaji kwamba ndani ya shimo mna kitu. Habari ambayo ditekta ilikwisha kumpa bila ya gharama ya pili. Ni sawasawa na kumwajiri mpiga mbiu wa kijiji amnong'oneze mtu siri sikioni.

Hoja ya pili inatoka katika maumbile, ambayo hayajali matangazo. Ndani ya ncha ya kijiti mna waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na umeme upigao ndani yake huzua uga wa sumaku. Uga huo ukiifikia shaba au chuma huamsha humo umeme mdogo, na umeme huo nao hurudisha uga wake ulio dhaifu, ambao ndio habari kijiti kinayoingojea. Sasa, uga utokao katika koili ndogo hufifia kwa kadiri ya mchemraba wa umbali, maana yake ukienda mbali mara mbili hupungua mara nane. Na kwa kuwa habari sharti iende na irudi, katika kurudi hupungua mara nane nyingine, jumla mara 64. Ukitaka mara tatu, upungufu ni mara 729. Fundi anayetaka kijiti chake kiisikie sarafu ile ile kutoka mbali maradufu anajitwika kuisikia sauti iliyofifia mara 64, kwa koili isiyozidi unene wa kidole gumba na betri inayoenea katika kiganja. Kwa sababu hiyo tofauti ya kweli iliyopo baina ya kijiti cha bei ya kati na kijiti cha bei ya juu, ikipimwa kwa sarafu moja, ni sentimita chache tu. Na tarakimu kubwa isiyotaja kilichopimwa haina maana yoyote, maana jembe litasikika mbali kuliko sarafu, na bati la paa mbali kuliko jembe, kwa kijiti kile kile.

Uchu wa umbali, ukishaachwa bila ya mizani, haukomei kwenye sentimita. Mwingereza James McCormick aliviuza vyombo vilivyoitwa ADE 651, wateja wake wakubwa wakiwa ni serikali ya Iraki, akidai kwamba antena yake huonyesha yalipo mabomu kutoka mbali sana; kumbe asili ya chombo ilikuwa kitu cha mzaha cha kutafutia mipira ya gofu, na ndani hamkuwa na kinachofanya kazi. Mahakama ya London ilimtia hatiani mwaka 2013 na kumhukumu kifungo cha miaka 10, baada ya askari wengi wa Baghdad kusimama vizuizini na chombo hicho mkononi huku magari ya mabomu yakipita. Ndugu wa chombo hicho, vile vya antena zinazodaiwa kuelekea dhahabu iliyo mbali, vingali vinauzwa duniani, na anayevinunua hujengewa hamu kwa swali lile lile linaloulizwa katika maduka yetu: kinafika wapi?

Hoja ya tatu ni ya kwetu hasa. Wanajiolojia walipotafuta jina la miamba mikongwe inayoanzia nchi hii na kuingia Ankole waliiita Karagwe-Ankole, na juu ya miamba hiyo tumerithi udongo mwekundu na changarawe ngumu zenye wingi wa oksidi za chuma. Vijiti vingi, vikiwamo vya Garrett na Minelab nilivyovitaja, hutoa uga usiokatika, na udongo wa namna hiyo huujibu uga huo kana kwamba wenyewe ni kitu kilichopotea. Kadiri kijiti kinavyosikia mbali ndivyo kinavyoukusanya udongo mwingi zaidi katika sikio lake, na ndivyo sauti ya sarafu inavyozama ndani ya mngurumo wa ardhi. Vipo vya aina nyingine, kama Fisher F-Pulse na Nokta PulseDive, ambavyo hupeleka uga kwa mapigo, hunyamaza, kisha husikiliza. Hivi huuvumilia udongo mwekundu kwa subira zaidi, lakini mtu asivitarajie kumtenganishia msumari na shaba. Muuzaji anayekuonyesha umbali juu ya meza ya duka anakuonyesha kijiti kikiwa nje ya nchi tunayoichimba.

Fauka ya udongo wapo wahunzi. Karagwe ilisifika kwa chuma kabla ya mgeni yeyote kuandika habari zake. Wasafiri Speke na Grant walipofika mwaka 1861 katika ikulu ya mfalme Rumanyika waliukuta ufalme ambao hazina yake ya kifalme, iliyokuwa Bweranyange, ilikuwa ni vitu vya madini: mikuki, mifano ya ng'ombe, na vyombo vyenye umbo la nyundo za mhunzi. Upande wa Buhaya, huko Katuruka, wachunguzi wa mambo ya kale wamekuta mabaki ya uyeyushaji wa chuma yenye umri wa miaka 2000 na zaidi. Kazi hiyo iliacha mavi ya chuma katika ardhi, na jembe la mkulima huyaibua hadi leo. Kwa mtafutaji wa nchi kama hii balaa si kukosa sauti. Balaa ni wingi wa sauti. Anahitaji chombo kinachoweza kuweka mpaka baina ya kipande na kipande, na mpaka ndio hasa kitu ambacho umbali huufuta.

Hapa yafaa niseme neno juu ya bati, kwa sababu wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, ni maarufu kwa bati, na wapo wanaonunua kijiti cha masafa kwa tumaini la kuligundua. Bati letu halikai ardhini katika sura ya bati la dukani. Hukaa likiwa kasiteraiti, bati lililoungana na oksijeni, jiwe jeusi au la kahawia lisilopitisha umeme kwa namna ya kukiamsha kijiti. Ukiligusisha na ncha litanyamaza, na ukikinunua kijiti chenye bei mara kumi bado litanyamaza. Linachojitambulisha nacho ni uzito, maana ni zito karibu mara saba ya maji, ilhali mchanga wa kawaida haufiki mara tatu; ndiyo sababu mchimbaji mdogo huuosha mchanga katika karai, mwepesi ukaenda na maji, mweusi ukabaki. Karai hilo halina betri wala tangazo, na ndilo lililolisha watu.

Najua hata hivyo kwamba kinachoisukuma kauli ya umbali si sarafu wala bati. Ni ndoto ya mali ya Mjerumani, ile inayosema kwamba katika kukimbia vita waliacha masanduku ya dhahabu chini sana, na kwamba aliye na chombo chenye kufika chini sana ndiye mrithi wao. Historia haiipi ndoto hiyo nafasi kubwa. Wajerumani walianzisha kituo cha Bukoba mwaka 1890, na Waingereza waliushambulia mji huo Juni 1915. Dhahabu yao iliyopigwa chapa katika koloni hili, ile sarafu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, ilitengenezwa Tabora mwaka 1916, nayo haikuzidi sana vipande 16,000. Na Septemba ya mwaka ule ule Wabelgiji waliingia Tabora, mji ulio mamia ya kilomita kusini mwa Isingiro. Ambacho mtu wa huku anaweza kwa uhalali kutumaini kukiokota ni heller, zile za shaba na zile za 5 na 10 zenye tundu katikati, au kwa bahati njema rupia ya fedha. Na kuhusu rupia, anayeambiwa kwamba iliyo ya kweli huvuta mchele ajue anaandaliwa kuibiwa, kwa maana ilikuwa fedha iliyochanganywa na shaba kidogo, na mchanganyiko huo hauvuti kitu.

Sarafu hizo zilidondoka, hazikuzikwa. Ziliwatoka watu njiani, gulioni, penye pombe na penye kuteka maji, na kilichodondoka juu ya ardhi inayolimwa aghalabu hubaki ndani ya kina cha jembe kikigeuzwageuzwa pamoja na udongo. Kwa kitu cha namna hiyo umbali mrefu hauna kazi. Yatakiwa ditekta ya kukuleta mahali, na kijiti cha kukuambia kwamba heller imo katika upande huu wa bonge, nyanda mbili, yaani upana wa vidole viwili, kutoka ukingoni, ili ulivunje kwa upande wa pili na usiikwaruze.

Imebaki hoja yao ya usalama, ambayo ndiyo iliyo nzito kuliko zote, nami sikutaka kuijibu kwa haraka. Mkoa huu wa Kagera ulivamiwa na majeshi ya Idi Amin mwishoni mwa mwaka 1978. Daraja la Kyaka lilivunjwa tarehe 3 Novemba. Na vita vilivyofuata mpaka mwaka 1979 vimeacha makaburi ya askari wetu Kaboya. Silaha zilizosahauliwa haziulizi ni za vita gani. Tarehe 8 Novemba 2017, katika shule ya msingi Kihinga wilayani Ngara, bomu la mkono lililookotwa na mwanafunzi aliyelidhania kuwa chuma chakavu lililipuka, watoto watano wakafa na makumi wakajeruhiwa. Wapinzani wangu husema: laiti chombo kingesikia mbali, mchimbaji angeonywa. Ataonywa nini? Kijiti, kiwe cha masafa ama cha karibu, hakijui tofauti ya bomu na bawaba ya mlango. Kitatoa mlio ule ule, na mlio uliotoka mbali haumwambii mtu umbo wala ukubwa. Kinachoweza kumwambia kwamba alichokikuta ni kikubwa na cha mviringo ni kijiti kinachofuata ukingo wa kitu kwa karibu. Na hata hicho si chombo cha kutegulia mabomu. Mahali palipopita vita, au panapoonekana umbo lisiloeleweka, usalama ni kuacha, kuweka alama, kuwazuia watoto, na kuwaita polisi au Jeshi la Wananchi. Anayeuza umbali kwa jina la usalama anauza ujasiri usio na msingi, na ujasiri wa namna hiyo umekwisha kuua.

Na sheria pia iko upande wa ufupi. Tangu Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na mwanadamu kabla ya mwaka 1863 ni kumbukumbu inayolindwa, wala mtu haruhusiwi kuchimbua mahali pa kale bila ya leseni. Katika nchi yenye Bweranyange, anayezunguka vilimani na chombo cha masafa akifumua mashimo mapana kwa kila mlio anaharibu ushahidi ambao hakuna fedha itakayoununua tena.

Mtu ataniuliza basi achague nini. Nitamjibu kwamba apuuze tarakimu ya boksi na afanye jaribio lisilogharimu. Achukue sarafu ya shilingi mia mbili, aiweke juu ya ubao mkavu, ashushe ncha mpaka kijiti kilie, apime kwa rula. Kisha aifukie sarafu hiyo nyanda mbili katika udongo mwekundu uliolowa mvua, apime tena. Kijiti kitakachoupigia kelele udongo huo kabla hata sarafu haijafukiwa kimejihukumu chenyewe. Mwisho azifukie sarafu mbili zilizoachana nyanda tatu, atazame kama kijiti kitamwambia kwamba ni mbili. Jaribio hili la mwisho ndilo wauzaji wasilolipenda, na ndilo linalofanana na kazi. Baada ya hapo aangalie betri: Pro-Pointer AT na Pro-Find 35 hula betri ya mraba ya volti 9, ambayo si kila duka la kijijini huiweka, ilhali XP MI-6 na Nokta AccuPoint huchajiwa, jambo la maana penye watu wanaochaji simu kwa umeme wa jua. Aangalie pia kama kinatetema, kwa sababu mlio huwaita watazamaji. Na kama kinastahimili maji, kwa sababu masika hayamngoji mtu. Kijiti cha kuiga chenye bei ndogo, kikifaulu majaribio hayo matatu, ni bora kuliko cha asili kilichoshindwa.

Wanaoitetea kauli ya umbali wana njia nyepesi ya kunishinda. Walete kijiti chao cha masafa hapa Isingiro baada ya mvua, wafukie sarafu mbili katika udongo mwekundu wenye mavi ya chuma, nao watuonyeshe mbele ya watu mahali ilipo kila moja kabla ya koleo kushikwa. Wakiweza bila ya kuishusha ngazi ya usikivu nitakiri kwa kalamu hii hii. Wakikataa, au wakiishusha, basi bei ya umbali wairudishe kwa waliowalipa.